Mhariri, chapisha na waliopimwa pia

Kwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie jambo lililowapotosha wengi wakati wa korona, na ambalo litawapotosha tena virusi vingine vikija iwapo halitarekebishwa sasa hali ikiwa shwari. Jambo lenyewe ni hesabu: tunajuaje virusi vya janga viko wapi, na vimewafikia watu wangapi. Sisi tunaoandika ni watu wa maabara na wa takwimu za afya. Hatuna ugomvi na gazeti lako. Tunataka tu msomaji apewe hesabu nzima, asipewe nusu.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Tangu hapo, kwa miezi mingi, Wizara ya Afya ilitoa taarifa ya namna moja karibu kila siku: sampuli kadhaa zimepimwa katika saa 24 zilizopita, watu kadhaa wamepatikana na virusi, Nairobi hawa, Mombasa hawa, Busia hawa. Idadi ya sampuli ilitajwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini kesho yake kichwa cha habari kilibeba waliopatikana na kuwaacha waliopimwa. Wakati mwingine kosa lilizidi: sampuli 100 kati ya 1,000 zikionyesha virusi, msomaji aliambiwa kwamba asilimia 10 ya wananchi wameambukizwa.

Sivyo. Hiyo ni asilimia 10 ya waliopimwa siku ile, na waliopimwa hawakuchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Walikuwa wagonjwa wa kikohozi waliofika hospitali, watu waliokaa karibu na mgonjwa, wasafiri waliotaka cheti, na madereva wa malori. Siku ambayo maabara imepokea sampuli nyingi za wasafiri wazima, asilimia hushuka ingawa mtaani hakuna kilichobadilika. Siku ambayo vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimeadimika na ikaamuliwa wapimwe waliolazwa tu, asilimia hupanda, nako mtaani hakuna kilichobadilika. Asilimia hiyo ina kazi yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri Mei 2020 kwamba nchi isilegeze masharti mpaka ikae chini ya asilimia 5 kwa siku 14, kwa sababu ikiwa juu ya hapo ni dalili kwamba vipimo havitoshi na wengi wanapita bila kuonekana. Kwa hiyo inapima jitihada za upimaji kuliko inavyopima kuenea kwa virusi. Ukitaka kuitumia kulinganisha wiki na wiki, lazima kwanza ujue kwamba wanaopimwa ni watu wa aina ileile.

Ramani nazo zilikuwa na kasoro hiyohiyo. Kumbukeni miji ya mpakani mwaka 2020: Malaba, Busia, Namanga. Kwenye ramani ilikuwa myekundu kana kwamba virusi vimezaliwa pale. Kilichokuwa pale ni foleni. Madereva walipimwa wote, wenye dalili na wasio nazo, kwa sababu bila cheti lori halivuki; Malaba foleni ilifika makumi ya kilomita. Mjini Bungoma au Voi, mtu mwenye homa alikunywa dawa akalala nyumbani, na hakuingia kwenye hesabu. Uganda iliona tatizo hili upande mwingine: Mei 2020 Rais Museveni alitangaza kwamba madereva wa nje watakaokutwa na virusi warudishwe kwao na wasihesabiwe tena katika jumla ya nchi. Jumla ikapungua kwa siku moja, bila mtu hata mmoja kupona. Hatusemi uamuzi ulikuwa mbaya, kwani kulikuwa na hoja ya kutenganisha wakazi na wapita njia. Tunasema msomaji alipaswa kuelezwa kwamba kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu.

Basi virusi venyewe vilikuwa wapi? Jibu la kwanza lenye uzito kwa Kenya lilitoka kwenye damu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI-Wellcome, Kilifi, walichukua mabaki ya damu iliyochangwa katika vituo vya kuchangia damu kati ya 30 Aprili na 16 Juni 2020, watu 3,098 wa umri wa miaka 15 hadi 64, wakatafuta kingamwili za virusi vya korona, yaani protini za kinga ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuambukizwa. Walizikuta kwa watu 174, yaani asilimia 5.6. Wakati huo waliothibitishwa nchi nzima hawakufika 5,000.

Tukae hapa kidogo, maana ndipo penye somo. Hiyo 5.6 haikuchapishwa hivyohivyo kama kiwango cha nchi. Kwanza ilisahihishwa kwa makosa ya kipimo chenyewe. Kipimo chao kilikuwa na uwezo wa kugundua asilimia 92.7 ya walioambukizwa kweli, na kiliwaacha salama asilimia 99.0 ya ambao hawakuambukizwa. Hiyo asilimia 1 inayobaki inaonekana ndogo, lakini katika watu 3,000 wasio na kitu inakupa watu 30 wa uongo. Kanuni ni fupi: chukua kiwango ulichokiona, toa asilimia ya makosa ya uongo, kisha gawa kwa jumla ya nguvu mbili za kipimo (ya kuwagundua walioambukizwa na ya kuwaacha wasioambukizwa) ukiondoa 1. Hapa ni 0.056 kutoa 0.010, gawa kwa 0.917, unapata asilimia 5.0. Kisha ikaja hatua ya pili: wachangiaji damu hawalingani na nchi, kwani wanaume ni wengi, vijana ni wengi, na mikoa mingine imeleta damu nyingi kuliko mingine. Kila kundi likapewa uzito wake kulingana na sensa ya 2019, na jibu la mwisho likawa asilimia 4.3. Mombasa ilikuwa 8.0, Nairobi 7.3, Kisumu 5.5.

Kenya ilikuwa na watu takriban milioni 27 wa umri huo. Asilimia 4.3 yao inazidi milioni 1. Linganisha na wale wasiofika 5,000. Yaani kwa kila mmoja aliyesomwa kwenye taarifa ya jioni, zaidi ya 200 walikuwa wameshapata virusi na kuendelea na shughuli zao. Uchunguzi huohuo ulirudiwa kwa wachangiaji damu kati ya Januari na katikati ya Machi 2021, na kiwango kilikuwa kimefika asilimia 48.5. Ramani ya wagonjwa wa hospitali haikuwahi kuonyesha kitu kama hicho.

Na nchi haikuenda kwa mwendo mmoja. Kwa akina mama waliokuja kliniki ya wajawazito Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Agosti 2020, karibu nusu walikuwa na kingamwili. Hospitali ya Kaunti ya Kilifi, Septemba mwaka uleule, walikuwa asilimia 1.3, na Novemba wakawa 11. Wimbi liliondoka Nairobi likachelewa kufika mashambani, kisha likafika. Mtu aliyeona wastani wa taifa tu asingejua kwamba Kilifi ilikuwa na miezi kadhaa ya kujiandaa.

Makosa ya kipimo yanahitaji mfano mmoja zaidi, kwa sababu vipimo vya haraka vya tone la damu viliuzwa kila mahali na wengi walivitumia kutangaza kiwango cha mji au kampuni. Tuseme kweli ni watu 20 tu kati ya 1,000 walioambukizwa. Kipimo kinagundua asilimia 90 na kinakosea kwa asilimia 3 ya wasioambukizwa. Kitawaonyesha 18 wa kweli. Kati ya 980 waliobaki, kitawaonyesha 29 wa uongo. Utatangaza watu 47, karibu asilimia 5, na wengi wao hawakupata virusi kamwe. Kadiri ugonjwa unavyokuwa haba, ndivyo wa uongo wanavyowazidi wa kweli. California, katika wilaya ya Santa Clara, mwezi Aprili 2020, uchunguzi wa watu 3,330 uliwakuta 50 wenye kingamwili, asilimia 1.5, na ukazua ubishi mkubwa wa kisayansi kwa sababu hiihii: makosa madogo ya kipimo yangeweza kueleza sehemu kubwa ya wale 50. Isitoshe, washiriki walipatikana kupitia tangazo la Facebook, na aliyewahi kuumwa ana hamu kubwa ya kujitokeza kupimwa kuliko asiyeumwa.

Kingamwili zina mipaka ambayo mwandishi wa habari anapaswa kuijua. Huchukua wiki mbili hadi tatu kuonekana baada ya maambukizi, kwa hiyo uchunguzi wa leo unakusimulia ya mwezi uliopita. Hufifia kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo walioambukizwa zamani wanaweza kukosekana. Na chanjo zikianza, hesabu hugeuka. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021 kwa AstraZeneca, ambayo huufundisha mwili kuitambua miiba ya kirusi peke yake. Kipimo kinachotafuta kingamwili za miiba hakiwezi tena kumtenganisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Lazima utafute kingamwili za protini ya ndani, ile inayofunika vinasaba vya kirusi. Lakini Sinopharm, iliyotumika Tanzania na Kenya pia, ni kirusi kizima kilichouawa, nayo huleta kingamwili za aina zote mbili. Kwa hiyo fomu ya uchunguzi isipouliza “ulichanjwa chanjo gani, lini,” sampuli zote zinakuwa hazina tafsiri. Swali hilo moja huchukua nusu dakika.

Kuhusu PCR, kipimo cha ute wa pua na koo, tuseme mambo mawili. Mashine hurudufisha vinasaba mizunguko hadi 40. Aliyepona anaweza kuendelea kuonyesha mabaki kwa wiki kadhaa bila kuambukiza mtu, na mabaki hayo huonekana kwenye mizunguko ya mwishoni. Maabara inayotoa neno “anavyo” au “hana” bila kuandika mzunguko ulioonyesha inapoteza nusu ya taarifa yake. La pili ni uchafuzi. Mei 2020 Rais Magufuli alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zimekutwa na korona. Jambo la namna hiyo lina jibu la kimaabara. Katika kila sahani ya visima 96, yaani vishimo vidogo vya kuwekea sampuli, visima kadhaa huwekwa maji matupu na kimoja huwekwa virusi vinavyojulikana. Maji yakionyesha virusi, sahani nzima hutupwa na kurudiwa, kwa sababu kuna tone limeruka au vinasaba vilivyorudufishwa jana vimerudi chumbani. Ndiyo maana chumba cha kuandaa vitendanishi, chumba cha kutoa vinasaba na chumba cha mashine hutenganishwa, na koti la chumba cha mwisho halirudi cha kwanza. Lebo zinazobadilishana huleta tatizo hilohilo, na dawa yake ni kubandika lebo kwenye kichupa kabla ya kuchukua sampuli, kisichoandikwa kikakataliwa mapokezi.

Dawa ya makosa haya yote si kuacha kuhesabu. Tanzania iliacha kutoa takwimu za kitaifa mwanzoni mwa Mei 2020, ikaanza tena katikati ya 2021 chini ya Rais Samia. Virusi havikungoja. Februari 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa walipotua Luanda, Angola, na vinasaba vya virusi walivyokuwa navyo viliposomwa, ikaonekana aina iliyojaa mabadiliko mengi ambayo haikuwa imeripotiwa kokote. Mwezi huohuo Oman, ambako familia nyingi zina jamaa Unguja na Pemba, iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake walizuiwa kuingia. Nchi isiyojipima hupimwa na viwanja vya ndege vya wenzake, na hukumu hutoka kabla yenyewe haijaona ushahidi.

Kuna mahali pengine pa kuangalia ambapo hapahitaji mtu kukubali kupimwa: majitaka. Uholanzi, mji wa Amersfoort, vinasaba vya virusi vilionekana kwenye majitaka siku 6 kabla mgonjwa wa kwanza wa mji huo kuripotiwa, Machi 2020. Kwetu si jambo geni. Sampuli ya majitaka iliyochukuliwa Machi 2018 eneo la Kamukunji, Nairobi, ilionyesha virusi vya polio vilivyotokana na chanjo, na kampeni ya chanjo ikafuata bila kungoja mtoto apooze. Njia ni ileile. Lita 1 huchotwa asubuhi mapema watu wanapoamka, kutoka mfereji mkuu kabla ya kuingia mabwawa ya kutibu, huwekwa kwenye kasha la barafu chini ya nyuzi 8, na hufika maabara ndani ya saa 48. Kwa kuwa mvua ya masika huzimua kila kitu, maabara hupima pia kirusi cha mmea wa pilipili ambacho hutoka kwenye choo cha karibu kila mtu anayekula pilipili na vyakula vyake. Hicho ndicho kipimo cha kinyesi cha binadamu kilichomo. Virusi vya janga vikipungua na vya pilipili vikapungua sawasawa, ni mvua. Vya janga vikipungua peke yake, ni habari njema.

Lakini tusidanganyane: sehemu kubwa ya nyumba zetu hazijaunganishwa na mfereji wowote. Sampuli ya mabwawa ya majitaka ya Ruai, Nairobi, au ya Vingunguti, Dar es Salaam, inawasemea walio kwenye bomba, na wenye vyoo vya shimo hawamo. Wapo wanaopendekeza kuchota kwenye magari ya kunyonya vyoo. Tunaona ina thamani ndogo kwa kufuatilia mwendo wa virusi, kwa sababu tope la shimo ni la miezi mingi na vinasaba vya zamani huchanganyika na vya jana. Afadhali mitaro ya wazi inayopita sokoni, stendi kubwa, shule za bweni na viwanja vya ndege, mahali palepale, siku ileile ya wiki, saa ileile. Ukibadilisha mahali umevunja mfululizo na unaanza upya.

Wafu nao hawana budi kuhesabiwa. Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 katika mochari ya hospitali ya chuo kikuu. Kati ya 16 na 19 katika kila 100 walikuwa na virusi, kutegemea ukali wa kigezo. Kati ya hao wenye virusi, waliopimwa wakiwa hai walikuwa 6 tu, na wengi walifia nyumbani. Huko Zambia taarifa rasmi zilikuwa zikionyesha vifo vichache. Kila mochari ya kaunti inaweza kupima, tuseme, maiti mmoja katika kila watano, kwa pamba puani ndani ya saa 48 tangu kifo, kwa idhini ya jamaa. Haigharimu kitanda wala mashine ya hewa.

Tukija kwenye mpango wenyewe, kaunti moja inahitaji watu wangapi ili ijue kiwango chake? Ukidhani kiwango ni asilimia 5 na ukataka jibu lisipotoke zaidi ya pointi 2 juu au chini, hesabu inakupa watu 456. Lakini watu wa mtaa mmoja hufanana, kwani wanaambukizana, hivyo hesabu huongezwa maradufu: 912. Kisha kuna watakaokataa au kutopatikana. Chagua maeneo 40 ya kuhesabia watu kutoka kwenye sensa, lenye watu wengi likiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, na watu 28 katika kila eneo. Ni 1,120, na wakikosekana asilimia 15 unabaki na 952. Katika kila eneo orodhesha kaya zote kwanza, kisha ruka kwa hatua sawa kuanzia nyumba iliyopatikana kwa kura. Andika wote waliolala humo usiku uliopita, mmoja achaguliwe kwa kura.

Hapo ndipo kazi huharibika. Mpimaji huchoka na kumpima aliye nyumbani saa 4 asubuhi. Unapata bibi, mama mwenye mtoto mchanga, na mgonjwa. Mvuvi, dereva wa bodaboda, utingo, mfanyakazi wa bandari, wote wametoka, na hao ndio waliokutana na watu wengi zaidi. Kiwango kinatoka chini kuliko ukweli. Mpimaji lazima arudi mara tatu, moja ikiwa baada ya magharibi, na akimkosa aandike amemkosa. Asimchukue jirani badala yake.

Damu yenyewe inaweza kuwa matone matano ya kidole kwenye karatasi ya kuchuja. Tone la kwanza hufutwa. Kila duara lijae mpaka damu ionekane upande wa nyuma, na tone lisiongezwe juu ya tone. Karatasi ikauke ikiwa imelala, kivulini, mbali na nzi, saa 4 kwa uchache, na Mombasa wakati wa mvua iachwe usiku kucha. Kisha iingie mfuko wa kubana wenye pakiti ya silika ya kunyonya unyevu na kadi inayobadilika rangi unyevu ukiingia. Karatasi zilizobebanishwa mbichi huambukizana damu, na maabara haitajua: itasoma kingamwili za jirani.

Vipimo vya PCR vikiwa haba, visipotezwe kwa kupima mmoja mmoja pasipo haja. Rwanda ilionyesha njia: wanasayansi wake walibuni utaratibu wa kuchanganya sampuli, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2021. Kwa namna yake rahisi, changanya sampuli 10 na upime mchanganyiko. Ukitoka safi, wote 10 ni safi, ukitoka na virusi, wapime mmoja mmoja. Kiwango kikiwa asilimia 1, watu 1,000 wanapimwa kwa vipimo kama 196. Kikiwa asilimia 10, ni vipimo 751. Kikifika 20 hupati nafuu yoyote, acha kuchanganya. Kwa hiyo njia hii ni ya mwanzo wa wimbi na ya mwisho wake, yaani wakati ambapo kuona mapema kuna faida.

Uingereza ilitupa mfano wa kwa nini uchunguzi wa kura una thamani kuliko hesabu ya wanaojitokeza. Tangu Aprili 2020 idara ya takwimu ya taifa hilo ilipima nyumba zilizochaguliwa kwa kura, wenye dalili na wasio nazo. Mwishoni mwa Machi 2022 ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 13 Uingereza alikuwa na virusi wiki hiyo. Siku chache baadaye, tarehe 1 Aprili, vipimo vya bure kwa watu wengi vilisitishwa. Hesabu ya waliothibitishwa ikashuka. Bila uchunguzi ule wa nyumba hadi nyumba, nchi ingedhani virusi vimeondoka.

Kwako Mhariri, tunachoomba ni kidogo. Chapisha waliopimwa karibu na waliopatikana, na useme ni akina nani. Chapisha kwa kila wakazi 100,000: tuseme Lamu ina wagonjwa 60 na Nairobi 900. Lamu, yenye watu 143,920 kwa sensa ya 2019, ina wagonjwa 42 kwa kila 100,000, na Nairobi, yenye 4,397,073, ina 20. Nairobi ndiyo itakayopata kichwa cha habari, ilhali Lamu ndiyo yenye moto mkali zaidi, na hospitali zake ni chache. Chora grafu kwa tarehe ya kuchukuliwa sampuli, usitumie tarehe ya kutangazwa, maana vitendanishi vikikosekana wiki mbili kisha vikafika, sampuli zilizolala hutolewa siku moja na msomaji huona mlipuko usiokuwepo. Wastani wa siku 7 huondoa ule mteremko wa Jumapili ambao kila wiki uliandikiwa makala ya matumaini.

Na kwa kaunti na wizara, ombi moja tu, ambalo halingoji janga. Kile kipimo cha Kilifi kilijulikana kuwa na uhakika wa asilimia 99.0 kwa sababu kulikuwa na damu ya watu iliyohifadhiwa kabla ya korona kuwapo duniani: sampuli 910, na 901 zilionekana safi. Asiyekuwa na damu ya zamani hana namna ya kujua kipimo chake kinadanganya kiasi gani kwa watu wake, wenye malaria zao na mafua yao. Kila hospitali kubwa ihifadhi sasa, kila mwaka, sampuli mia kadhaa za mabaki ya damu, bila majina, zikiandikwa umri, jinsia, eneo na tarehe. Kila sampuli igawanywe katika vichupa vitatu vya nusu mililita, ili kuyeyusha kimoja kusiharibu vingine, na ziwekwe kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Vichupa visikae friza moja. Kimoja kikae jengo lingine lenye jenereta yake, na mtu awe na zamu ya kusoma joto asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo, kwa sababu friza hazichagui siku ya kuharibika.

Wako,
Wahudumu wa maabara na takwimu za afya,
Mombasa